Wasparta wa kale: tunayoyasadiki, na watu waliofutwa katika hadithi yao

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mwaka 480 KK, wakati Wagiriki walipokuwa wakiwazuia Waajemi katika njia nyembamba ya Thermopylae, iliyobanwa kati ya mlima na bahari, Wasparta wawili, watu wa mji wa Sparta wa kusini mwa Ugiriki, walikuwa wamelala katika kijiji cha jirani cha Alpenoi wakiugua macho. Mmoja wao aliitwa Eurytus. Aliposikia kwamba adui amezunguka mlima na kutokea nyuma ya wenzake, aliagiza silaha zake, akavaa, kisha akamwamuru mtumwa wake amshike mkono ampeleke vitani, kwa maana hakuwa akiona. Mtumwa akamwongoza hadi penye mapigano, akamwacha hapo, akakimbia. Eurytus akajitosa katikati ya msukosuko ule, akauawa. Habari hii ameiandika Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki aliyekuwa bado mtoto vita hivyo vilipopiganwa. Jina la Eurytus amelihifadhi, lakini jina la yule aliyemshika mkono hakuliandika.

Nimeanza na mtu huyo asiye na jina kwa sababu karibu kila dhana potofu kuhusu Sparta, nikiichunguza, naikuta imesimama juu ya mtu aliyefutwa. Tumepewa picha ya wanaume 300 wenye vifua wazi, wasiojua hofu, wasiowahi kushindwa, waliowatupa watoto dhaifu ili taifa libaki na wenye nguvu pekee. Picha hiyo imechapwa kwenye fulana, na kila wiki naikuta kwenye makundi ya WhatsApp ikisindikizwa na maneno ya kuwahamasisha vijana. Mtaani kwangu kuna ukumbi wa kunyanyulia vyuma ambao mlangoni pake imechorwa, kwa rangi nyekundu, kofia ya vita ya Kisparta yenye shungi, na vijana wanaopita chini yake kila jioni wanaamini kwamba Sparta ndiyo kipimo cha uanaume. Mazoezi ni jambo jema, na nidhamu pia ni jambo jema, lakini vijana hao wanastahili kuambiwa Sparta ilikuwa nini hasa na ilibebwa mabegani mwa nani.

Kwanza tujue habari zenyewe tumezipata kwa nani. Wasparta hawakuandika historia yao. Mashairi ya Tyrtaeus na Alcman, ya karne ya 7 KK, ni miongoni mwa sauti chache za ndani zilizotufikia. Sehemu kubwa ya mengine tunayoyasimulia imetoka kwa wageni. Herodotus alizaliwa Halicarnassus, ng'ambo ya bahari. Thucydides alikuwa Mwathene aliyeongoza askari dhidi yao. Xenophon naye alikuwa Mwathene, ila rafiki wa karibu wa mfalme wao Agesilaus, na mapenzi yake kwa Sparta yanaonekana katika maandishi yake. Aristotle aliandika wakati nguvu za Sparta zilikuwa zimekwisha kuvunjika. Plutarch, ambaye ndiye chimbuko la nyingi ya hadithi zinazosambazwa leo, aliishi chini ya dola ya Roma, zaidi ya miaka 500 baada ya Thermopylae, na yeye mwenyewe, anapoanza kusimulia maisha ya Lycurgus anayesemekana kuweka sheria za Sparta, anakiri kwamba hakuna jambo hata moja kumhusu mtu huyo lisilobishaniwa. Mwaka 1933 msomi Mfaransa François Ollier aliipa hali hii jina ambalo limedumu hadi leo: mazigazi ya Sparta. Kila zama zimeitazama Sparta kwa mbali na kuona pale kile zilichokuwa na kiu nacho.

Sasa hao 300. Herodotus anawataja Wagiriki waliofika Thermopylae mji kwa mji: Wasparta 300, watu 500 wa Tegea na 500 wa Mantinea, 120 wa Orchomenos, 1,000 wa sehemu nyingine za Arcadia, 400 wa Korintho, 200 wa Phlius, 80 wa Mycenae, 700 wa Thespiae, 400 wa Thebes, 1,000 wa Phocis, pamoja na Walokri waliokuja na jeshi lao lote. Wanahistoria wengi hukadiria jumla yao kuwa askari 7,000 hivi. Wakati huohuo merikebu za Wagiriki, nyingi zaidi zikiwa za Athens, zilikuwa zikipigana karibu na Artemisium ili Waajemi wasipite baharini na kuwazunguka wale wa nchi kavu. Pasingekuwa na merikebu hizo, ile njia nyembamba isingekuwa na maana yoyote.

Siku ya mwisho, mfalme Leonidas alipojua kwamba wamezungukwa, sehemu kubwa ya jeshi iliondoka. Walibaki Wasparta wake, watu wa Thebes, na wale 700 wa Thespiae chini ya kiongozi wao Demophilus, ambao walikataa kuondoka. Naomba tutulie hapa kidogo. Sparta, kwa maelezo ambayo Herodotus anamnukuu mfalme wao mhamishwa Demaratus akimpa Xerxes, mfalme wa Waajemi, ilikuwa na wanaume wapatao 8,000. Kupoteza 300 lilikuwa pigo, lakini mji ulibaki na jeshi. Thespiae ulikuwa mji mdogo, na inaelekea kwamba wale 700 walikuwa karibu askari wake wote wenye silaha nzito. Walikufa hapo, na muda mfupi baadaye Waajemi wakauchoma mji wao. Mwaka uliofuata, Wagiriki walipokusanyika Plataea kwa vita vya kuamua, watu 1,800 wa Thespiae walionusurika walifika pia, na Herodotus anaeleza kwamba hawakuwa na silaha nzito. Fikiria watu waliopoteza wanaume wao, nyumba zao na silaha zao, na bado wakaja. Leonidas alijengewa mnara wa kisasa Thermopylae mwaka 1955. Watu wa Thespiae waliusubiri wa kwao hadi 1997.

Wapo na wengine waliokufa pale. Baada ya vita, Xerxes (ambaye wasomaji wengi wa Biblia wanamjua kwa jina la Ahasuero, mfalme wa kitabu cha Esta) aliwaalika mabaharia wake waje kuitazama maiti za Wagiriki. Herodotus anasema kwamba watazamaji wale walidhani wote waliolala pale ni Wasparta na watu wa Thespiae, kumbe miongoni mwao walikuwamo pia Waheloti, yaani watumwa wa Sparta. Kwa hiyo hata ile hesabu ya 300, katika chanzo kilekile kinachoisimulia, ina watu waliolala humo bila kuhesabiwa.

Mambo ya mavazi nitayapita haraka. Hawakupigana na vifua wazi. Walibeba ngao kubwa ya mbao iliyofunikwa shaba, wakavaa kofia ya shaba na kinga ya kifua, na walijulikana kwa mavazi yao mekundu. Lile la kuchana nywele kabla ya vita ni kweli. Mpelelezi wa Xerxes aliwakuta wakichana nywele ndefu na kufanya mazoezi, akashangaa. Na Ephialtes, ambaye filamu maarufu ya mwaka 2006 imemfanya Msparta mwenye kibyongo aliyekataliwa jeshini, kwa Herodotus ni mtu wa Malis, mwenyeji wa eneo lile, aliyewaonyesha Waajemi njia ya mlimani akitarajia zawadi ya mfalme. Kibyongo hakipo. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu nitarudi kwenye suala la ulemavu.

Kuhusu kutoshindwa: katika karne ya 6 KK Wasparta walikwenda kuuteka mji wa Tegea wakiwa wamebeba pingu za kuwafungia wenyeji, wakashindwa, na waliotekwa wakafungwa kwa pingu zilezile walizokuja nazo na kulimishwa mashamba. Mwaka 425 KK, katika kisiwa cha Sphacteria, walitekwa watu 292 wakiwa hai, 120 kati yao wakiwa raia kamili wa Sparta, na Thucydides anaandika kwamba hakuna jambo katika vita vile lililowashangaza Wagiriki kuliko hilo. Ipo hadi leo, katika jumba la makumbusho la Agora mjini Athens, ngao ya shaba iliyobonyea na kuliwa na kutu, imetobolewa maandishi yanayosema kwamba Waathene waliichukua kwa Walakedaimoni, yaani Wasparta, kutoka Pylos, mahali palipo jirani na kisiwa hicho. Mwaka 390 KK, karibu na Korintho, askari wa Athens wenye silaha nyepesi na mikuki ya kurusha waliwaua watu wapatao 250 wa kikosi kimoja cha Sparta. Kisha mwaka 371 KK, huko Leuctra, jeshi la Thebes chini ya Epaminondas liliwaua raia 400 kati ya 700 waliokuwapo, mfalme Cleombrotus akiwemo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wasparta walikuwa askari hodari wa nchi kavu, na katika karne ya 5 KK majeshi mengi ya Wagiriki yaliogopa kukutana nao uwanjani, kwa kuwa walijua kutembea kwa mpango, kugeuka kwa amri na kutii. Ushindi wao mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ule wa kuiangusha Athens mwaka 404 KK, waliupata kwa merikebu, na merikebu hizo zililipiwa kwa fedha ya Waajemi ambayo kamanda wao Lysander alipewa na mwana wa mfalme, Koreshi Mdogo. Miaka isiyozidi 80 ilikuwa imepita tangu Leonidas auawe na jeshi la Uajemi. Kabla karne ya 4 haijafika mbali, mwaka 387 au 386 KK, Sparta ilisimamia mkataba uliomrudishia mfalme wa Uajemi miji ya Wagiriki wa Asia. Anayeieleza Sparta kuwa ngome ya uhuru dhidi ya Uajemi ameishia kusoma mwaka 479.

Hapa ndipo ninapofikia moyo wa uzi huu. Raia wa Sparta hakulima, hakufua chuma, hakufanya biashara. Alikula kila jioni katika chama cha chakula ambacho alipaswa kukichangia shayiri, divai, jibini na tini, na asiyeweza kuchangia alipoteza haki za uraia. Chakula hicho kililimwa na Waheloti, wenyeji wa Laconia, yaani eneo la Sparta yenyewe, na hasa wa nchi ya jirani ya Messenia, ambayo Sparta iliiteka na kuitawala kwa karne kadhaa. Tyrtaeus, mshairi wa Wasparta wenyewe, anawafananisha Wamessenia na punda waliolemewa na mizigo, wakiwapelekea mabwana nusu ya mazao yote ya shamba. Hawakuwa watumwa wa kununuliwa sokoni mmoja mmoja. Waliishi na familia zao katika ardhi ya mababu zao, wakijua wao ni nani na nchi ilikuwa ya nani, na hilo ndilo lililowafanya wawe hatari.

Huko Plataea mwaka 479 KK, Herodotus anasema, kila Msparta alifuatana na Waheloti saba: Wasparta 5,000, Waheloti 35,000. Kundi dogo la watu lilikuwa limekalia umma. Aristotle anawafananisha Waheloti na watu wanaokaa wakivizia balaa liwapate mabwana zao, na kwa habari ambayo Plutarch ameichukua kwake, maefori, yaani wale viongozi watano waliochaguliwa kila mwaka, walianza kazi kwa kutangaza vita rasmi dhidi ya Waheloti, ili kumuua Mheloti kusiwe unajisi. Plutarch anaeleza pia juu ya vijana walioteuliwa, wakapewa majambia na chakula kidogo, wakajificha mchana na kushuka usiku barabarani kuwaua Waheloti waliowakuta. Wengi wanaosimulia habari za mafunzo ya vijana wa Sparta huishia kwenye njaa, fimbo na kutembea bila viatu. Sehemu hii hurukwa.

Kuna tukio moja katika Thucydides ambalo kila nikilisoma nanyamaza. Wasparta walitangaza kwamba Waheloti wanaojiona wameitumikia nchi vizuri zaidi vitani wajitokeze ili wapewe uhuru. Nia ilikuwa kuwatambua walio na moyo wa kuwa wa kwanza kudai uhuru, kwa kuwa hao ndio ambao wangekuwa wa kwanza kuasi. Walichaguliwa wapatao 2,000. Wakavikwa mataji, wakazunguka mahekalu kwa furaha kama watu walioachwa huru. Muda si mrefu wakatoweka, na hakuna aliyejua kila mmoja aliuawa vipi. Watu 2,000 wakiwa na maua kichwani. Hawa hawajachorwa kwenye mlango wa ukumbi wowote.

Nakaribisha hoja.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, nakupongeza kwa uzi wenye maelezo ya kina. Hata hivyo nina shaka na ahadi yako ya kurudi kwenye suala la ulemavu, kwani naona unakoelekea. Tangu shuleni tumesoma kwamba mtoto wa Sparta alikaguliwa na wazee, na akionekana dhaifu alitupwa bondeni. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Je, jambo linalosimuliwa na dunia nzima linaweza kuwa halina mzizi? Na je, si kweli kwamba uteuzi huo, pamoja na ukatili wake, ndio uliowapa askari bora?

Mleta mada:

Mkuu, nashukuru kwa swali, na nitalijibu kwa utulivu kwa kuwa ni zito.

Mzizi upo, nao ni mmoja tu: Plutarch. Yeye ndiye anayesema kwamba wazee wa kabila walimkagua mtoto mchanga, na akiwa na kasoro alipelekwa mahali panapoitwa Apothetae, penye shimo karibu na mlima Taygetus. Xenophon, aliyewafahamu Wasparta kwa karibu zaidi ya miaka 400 kabla ya Plutarch na aliyeandika kwa kirefu namna walivyowalea watoto, akianzia hata na chakula na mazoezi ya mama kabla ya kuzaa, hasemi neno juu ya jambo hilo. Herodotus na Thucydides hawalitaji. Kuacha watoto wachanga kulijulikana katika ulimwengu wa Wagiriki kwa jumla, Athens ikiwemo, na uamuzi ulikuwa wa baba. Kinachodaiwa kuwa cha Sparta peke yake ni ukaguzi wa serikali, na hicho ndicho kinachosimama juu ya shahidi mmoja wa mbali.

Wachimbaji nao wamekwenda kutazama. Karibu na kijiji cha Trypi, kwenye miteremko ya Taygetus, kuna pango lenye shimo refu ambalo wengi wanalihesabu kuwa Kaiadas, mahali ambapo Wasparta waliwatupa wahalifu na mateka. Mtaalamu wa mifupa ya binadamu Theodoros Pitsios alichunguza mifupa iliyomo, akaeleza kwamba ni ya vijana na watu wazima, hasa wa umri wa miaka 18 hadi 35. Mifupa ya watoto wachanga haikuonekana.

Halafu mtazame Agesilaus. Alikuwa kilema wa mguu mmoja na mfupi wa umbo. Kwa kuwa hakuzaliwa mrithi wa kiti, hakusamehewa mafunzo ya vijana kama walivyosamehewa warithi, bali aliyapitia yote pamoja na wenzake. Mnamo mwaka 400 KK alipogombea ufalme, mpinzani mmoja aliibua utabiri wa zamani ulioionya Sparta dhidi ya ufalme unaochechemea. Lysander akajibu kwamba kuchechemea kunakosemwa ni kwa ukoo usio halali, wala si kwa mguu. Agesilaus akatawazwa, akawa mfalme kwa takribani miaka 40, akaongoza majeshi hadi Asia, na alikuwa bado anakwenda vitani akiwa mzee wa miaka 80 hivi. Ikiwa mji huu uliwatupa watoto wenye kasoro, ulimwachaje huyu?

Kuhusu askari bora, mkuu, hesabu yenyewe inakataa. Sparta ilikuwa na wanaume raia wapatao 8,000 mwaka 480 KK. Aristotle, akiandika katika karne ya 4, anasema hawakufika hata 1,000, na kwamba mji uliangamia kwa uhaba wa watu. Ardhi ilikuwa imekusanyika mikononi mwa wachache, na aliyeshindwa kuchangia chama cha chakula aliporomoka kutoka uraia yeye na watoto wake. Jamii ile ilikuwa ikiwatupa watu wake wazima, kwa umaskini, kwa kasi kuliko ilivyozaa.

Nakuomba pia uone hadithi hiyo imetumikaje. Mwaka 1928 Adolf Hitler, katika mswada ambao haukuchapishwa wakati wa uhai wake, aliisifu Sparta kwa kuwaangamiza watoto wagonjwa na dhaifu. Kuanzia 1939 serikali yake iliwaua watu wenye ulemavu kwa maelfu mengi, watoto wakiwemo. Ndiyo maana sikubali tuipitishe sentensi ya Plutarch mikononi mwetu bila kuikagua, hata kama ni kwenye kundi la kuhamasishana mazoezi. Kuna mama analea mtoto mwenye ulemavu anayeisoma sentensi hiyo.

Mchangiaji wa pili:

Kaka, ahsante kwa jibu hilo. Mimi ni mmoja wa akina mama uliowataja, na sikutegemea kulikuta hapa. Naomba utusaidie na la wanawake. Nimesoma kwamba wanawake wa Sparta walikuwa huru kuliko wote wa zamani zile, wakifanya mazoezi na kumiliki mali. Je, nalo ni mazigazi?

Mleta mada:

Dada yangu, pole kwa mzigo, na hongera kwa kuubeba. La wanawake lina ukweli mwingi, kisha lina upande ambao hausemwi.

Wasichana wa Sparta walikimbia, walicheza ngoma na kuimba hadharani, na mashairi ya Alcman yaliyoandikwa kwa ajili ya kwaya za wasichana tunayo hadi leo, yakiwataja kwa majina na kusifu uzuri wao na mbio zao. Yanatosha pia kuifuta ile picha ya mji bubu usiojua sanaa. Wanawake walirithi na kumiliki ardhi. Aristotle, ambaye jambo hilo lilimkera, anasema karibu sehemu mbili kwa tano za ardhi yote ilikuwa mikononi mwao. Cynisca, dada yake yuleyule Agesilaus, aliingiza farasi wake katika mbio za magari ya kukokotwa Olympia na akashinda mwaka 396 na tena 392 KK. Hakuendesha yeye, taji lilikuwa la mwenye farasi. Akaweka sanamu pale Olympia na maandishi yanayotangaza kwamba yeye peke yake kati ya wanawake wa Ugiriki amelitwaa taji hilo, na jiwe lenye sehemu ya maandishi hayo limepatikana.

Hata hivyo hawakuwa wapiganaji wala hawakuwa na sauti katika baraza. Nao muda wa kukimbia na kuimba waliupata kwa sababu kazi za nyumba zao zilifanywa na wengine. Xenophon anaeleza kwamba Sparta iliona kufuma nguo ni kazi inayowatosha watumwa wa kike, ili mwanamke huru ashughulike na kuzaa watoto wenye afya. Tunapomsifu Cynisca, na anastahili, tujue kwamba nguo aliyovaa ilifumwa na mwanamke ambaye hatujaachiwa hata herufi ya kwanza ya jina lake.

Mchangiaji wa tatu:

Mleta mada, umenena mengi, lakini hukugusa lile ambalo kwangu ndilo ushahidi wa ujasiri wao. Mfalme Philip wa Makedonia aliwatishia kwamba akiingia nchini mwao atawafukuza wote, nao wakamjibu neno moja tu, "Kama", na hakuthubutu kwenda. Je, hilo nalo ni la uongo? Na mji wenyewe umebaki na nini leo?

Mleta mada:

Ndugu yangu, jibu lile linatoka tena kwa Plutarch, na huenda kweli lilitolewa, kwani Wasparta walipenda maneno machache makali. Lisilo kweli ni huo mwisho wake. Philip alikwenda. Mwaka 338 KK, baada ya kuwashinda Waathene na Wathebe huko Chaeronea, aliingia Laconia, akayaharibu mashamba yake, na maeneo ya mpakani yakagawiwa majirani wa Sparta kama Argos, Tegea na Megalopolis. Mji wenyewe hakuuteka, ila Sparta iliyobaki ilikuwa dola ndogo. Maneno mengine mashuhuri ya Leonidas, yale ya kumwambia Xerxes aje mwenyewe azichukue silaha, nayo hayamo kwa Herodotus. Tunayakuta kwa Plutarch.

Baadaye, chini ya Roma, Sparta iligeuka kuwa mahali pa kutembelewa na wageni. Zamani, kwa maelezo ya Xenophon, vijana waliiba jibini kwenye madhabahu ya mungu wa kike Artemis Orthia huku wenzao wakiwachapa. Katika zama za Kirumi likawa onyesho la kuchapwa viboko tu, na katika karne ya 3 BK vikajengwa viti vya mawe kuizunguka madhabahu ili watazamaji wakae vizuri. Sehemu ya ukatili tunaousimulia kama wa siku za Leonidas ni onyesho hilo la wageni. Wachimbaji wa Kiingereza walifukua hekalu hilo kati ya 1906 na 1910, wakakuta viti hivyo, na chini yake vinyago vya udongo, michongo ya pembe na zaidi ya vijisanamu 100,000 vya risasi, vidogo kama kidole, vilivyotolewa na waumini kwa karne nyingi.

Swali lako la mwisho lilijibiwa kabla ya sisi kuzaliwa. Thucydides aliandika kwamba mji wa Sparta ukihamwa, yakabaki mahekalu na misingi ya majengo tu, watu wa baadaye wataona taabu kuamini kwamba ulikuwa na nguvu kama sifa zake. Ndivyo ilivyo. Mji wa leo, Sparti, ulianzishwa upya mwaka 1834 kwa amri ya mfalme Otto wa Ugiriki, na magofu ya kale yaliyopo kando yake, mengi yakiwa ya wakati wa Warumi, yamo katikati ya mizeituni.

Ila ng'ambo ya Taygetus kuna mahali pengine. Baada ya Leuctra, Epaminondas aliingia na jeshi lake hadi Messenia, na mwaka 369 KK Waheloti wa huko wakawa watu huru. Wakajenga mji wao chini ya mlima Ithome, mlima uleule ambao baba zao walijihami juu yake karibu karne moja kabla, walipoasi baada ya tetemeko kubwa la ardhi, na wakauita Messene. Wakauzungushia ukuta wa mawe ya kuchonga wa takribani kilomita 9. Sehemu kubwa za ukuta huo zimesimama hadi leo karibu na kijiji cha Mavromati, pamoja na minara yake, na lango lake la kaskazini ni pana kiasi kwamba barabara ya magari inapita katikati yake.